Alama Moja Kwenye Fomu ya Bima

Kila Jumamosi saa tatu kasoro robo asubuhi, Aikaeli alibandika chai ya maziwa, akapaka vipande vinne vya mkate siagi, kisha akasimama dirishani kumngoja mama yake. Kufikia saa hiyo mama alikuwa amekwisha kuwahudumia wazee wawili nyumbani kwao: amewaogesha, amewavisha, amewapa dawa na kifungua kinywa. Alibakiwa na nusu saa tu ya kupumzika kabla ya kwenda kwa mzee wa tatu. Aikaeli alipoliona gari lao likikata kona ya mtaa wao wa Queensbury, jijini London, alianza kumimina chai ili mama akute kikombe kiko tayari mezani.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari chai ilichemka mpaka ikapungua. Gari lilipotokea, lilikuja polepole kama mtu anayechechemea. Bampa ya mbele ilikuwa inaning'inia upande mmoja, na taa ya kushoto ilikuwa imepasuka.

Mama aliingia, akaketi bila kuvua koti. Alieleza kwamba alikuwa akitoka kwa Bibi Dinah, mzee wake wa pili, na kwa sababu ya haraka akagonga nguzo fupi ya saruji iliyo kando ya lango.

"Kishindo chenyewe kidogo, kama sufuria imeanguka," alisema. "Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Na bima ipo. Utanipigia hiyo simu ya bima, mwanangu?"

Aikaeli aliitikia, lakini chai aliyokuwa akimimina ikafurika kikombe, ikamwagika mezani.

Aikaeli alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Walitoka Moshi akiwa na miaka sita, na tangu alipojua kusoma vizuri, yeye ndiye aliyejaza fomu zote za nyumbani na kupiga simu zote. Mama yake, Placida, alielewa Kiingereza karibu chote. Ila kukizungumza kwenye simu kulimtia aibu. Siku moja mtu wa ofisini alimtaka arudie jina la mtaa mara nne, halafu akaguna. Tangu hapo simu ikilia kutoka ofisi yoyote, mama alimkabidhi Aikaeli.

Gari lile walilinunua mwezi wa Oktoba kwa Mzee Deepak, fundi na muuzaji wa magari aliyeishi mtaa wa pili. Mzee Deepak alizaliwa Mwanza na kuja London akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa hakijapotea hata kidogo. Siku hiyo alikuwa na magari mawili ya bei inayokaribiana. La kwanza lilikuwa dogo, la bluu, la miaka tisa. La pili lilikuwa refu, la kijivu, lenye paa la kioo na skrini pana kama sinia. Mzee Deepak alimshauri mama achukue la bluu, akasema la kijivu lingemsumbua kwenye bima. Lakini Aikaeli alikuwa akimwona rafiki yake Nancy akishuka kila asubuhi kutoka kwenye gari kama lile la kijivu. Aliomba, akanuna, akaomba tena. Mwishowe mama alisema ajaze fomu ya bima ya kila gari. Kama tofauti si kubwa, watachukua la kijivu.

Jioni ile Aikaeli alikaa peke yake mbele ya kompyuta. Bima ya gari la kijivu ilikuwa karibu mara mbili ya lile la bluu. Akarudi kuyapitia maswali moja moja, mpaka akafika palipoulizwa kama gari litatumika kwa kazi, kutoka nyumba ya mteja mmoja hadi ya mwingine. Alikuwa ameweka alama kwenye ndiyo. Akaiondoa, akaiweka mahali pengine: gari ni la kwenda dukani, shuleni na kanisani tu. Bei ikashuka pale pale.

Alijiambia kwamba ni alama moja tu, na kwamba mama ni dereva mwangalifu, hagongi kitu. Mama alilipa bila kusoma. Akambusu kwenye paji la uso, akamshukuru.

Sasa, Jumamosi hiyo ya ajali, Mzee Deepak alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, tochi mkononi. Mama alikuwa amemwomba mhudumu mwenzake aende kwa mzee wa tatu, kisha akamwita Mzee Deepak aje atazame kabla ya kupiga simu. Aikaeli alimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akasimama nyuma ya mama.

Mzee Deepak aliivuta bampa taratibu, akatikisa kichwa, kisha akataja gharama ya matengenezo. Mama alidhani amesikia vibaya.

"Kwa plastiki hii, Mzee Deepak? Si uipige misumari tu?"

"Ingekuwa lile la bluu, Mama Aika, ningeipiga hata gundi, ukaondoka zako," alijibu akicheka. "Sogea uone. Nyuma ya plastiki hii kuna rada ndogo inayopima umbali wa gari lililo mbele. Taa hii imefungwa nzima nzima. Ikipasuka kioo, unanunua taa yote. Nikishaifunga, lazima gari liende kwenye mashine kupima kama rada inaona sawasawa. Na vipuri vinatoka mbali, utangoja wiki mbili."

Alinyanyuka, akajifuta mikono. Akaeleza kwamba watu wa bima hawaangalii gari linavyopendeza. Wanajiuliza likigongwa litawagharimu kiasi gani, lina nguvu kiasi gani, na wezi wanalipenda kiasi gani. Magari ya aina ile, alisema, wezi walikuwa wakiyawasha bila hata kugusa ufunguo. Ndiyo maana magari mawili yanaweza kuuzwa bei moja, lakini bima zake zikatofautiana kama mbingu na ardhi.

"Mimi bima yangu haikuwa kubwa hivyo," mama alisema, akataja alicholipa.

Mzee Deepak alimtazama. "Kwa gari hili? Na kazi yako ya kuzunguka kutwa nzima?"

"Aika ndiye aliyeitafuta. Huyu ana akili, usimwone kimya."

Sifa hiyo ilimchoma Aikaeli kuliko kofi. Mzee Deepak alimtupia jicho mara moja tu, halafu akaanza kukusanya vifaa vyake.

Walipiga simu wakiwa wamekaa jikoni, simu ikiwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa ili wote wasikie. Mwanamke wa bima alikuwa mpole. Aliuliza jina, tarehe na namba ya gari. Kisha akauliza mama alikuwa na shughuli gani pale alipogonga nguzo.

"Mwambie nilikuwa kazini," mama alisema kwa Kiswahili. "Nilikuwa namwogesha Bibi Dinah."

Aikaeli akajibu kwa Kiingereza kwamba mama alikuwa amekwenda kumtembelea rafiki.

Mama alimgeukia taratibu. Hakuonekana mwenye hasira; alionekana kama mtu aliyepotea njia katika mtaa wake mwenyewe.

"Mwambie asubiri kidogo," alisema. "Aika, nimesikia ulichosema. Kiingereza nakielewa. Kwa nini umemwambia hivyo?"

Aikaeli angeweza kusema kwamba amekosea neno, na mama angemwamini, kama alivyomwamini siku zote. Aliitazama sare ya mama ya zambarau, yenye doa la uji wa Bibi Dinah kifuani, akashindwa. Akasema yote: bei, swali la kazi, alama aliyoiondoa. Alisema akiwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua.

Mwanamke wa bima akauliza kama bado wapo. Ndipo mama akaivuta simu karibu yake. Sauti yake ilitetemeka, na Kiingereza chake kilitoka neno moja moja, lakini kilitoka. Alisema kwamba fomu ina kosa. Alisema yeye ni mhudumu wa wazee, gari analitumia kazini, na kwamba alipogonga nguzo alikuwa ametoka kazini. Alipoombwa arudie jina la mtaa, alilirudia mara tatu bila kumtazama Aikaeli.

Mwanamke wa bima alimshukuru kwa kusema ukweli. Alieleza kwamba watalichunguza jambo hilo, na kwamba kwa sasa mama asiendeshe gari kwenda kazini, kwa sababu kwa safari hizo hana bima. Mama alikata simu, akahesabu kwa vidole tangu Oktoba. Miezi minne alikuwa ameendesha barabarani hivyo bila kujua. Na kampuni yake ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: mhudumu asiye na bima ya kazi haruhusiwi kuwatembelea wazee kwa gari. Angeweza kufukuzwa.

Jumatatu mama alikwenda kwa msimamizi wake, Bi Teresia, Mkenya asiyependa maneno mengi, akamweleza kila kitu. Bi Teresia alikasirika, na hakuficha. Mwishowe akampa wiki tatu alete cheti sahihi cha bima. Akishindwa, kazi imekwisha. Wiki hizo mama alitoka alfajiri kwa mabasi mawili ili awafikie wazee wake. Aikaeli aliusikia mlango ukifungwa huku nje kukiwa bado giza, naye hakupata usingizi tena. Shuleni hakumweleza mtu. Kila alipomwomba mama samahani, mama alijibu kwamba amekwisha kumsamehe. Lakini hakuzungumza kama zamani. Alisema tu maziwa yameisha, au funga dirisha, kuna baridi.

Barua ya bima ilikuja wiki ya pili. Kwa kuwa mama alisema ukweli mwenyewe, hawakuifuta bima yake, wala hawakulikataa dai lote; wangelipa sehemu ya matengenezo, na sehemu nyingine mama angejilipia. Mzee Deepak aliisoma barua hiyo mara mbili, miwani puani.

"Mna bahati," alisema. "Wangegundua wenyewe, msingepata hata senti, na kila kampuni ya bima ingewaogopa miaka na miaka." Kisha akamgeukia Aikaeli. "Sikiliza, binti yangu. Fomu ya bima ni ahadi. Wewe unasema kweli, na wao wanasema watakuwepo siku ya balaa. Ukidanganya ili ulipe kidogo, unanunua karatasi tupu."

Alikubali kulichukua gari la kijivu likishatengenezwa, na kuwapa lile la bluu, ambalo bado lilikuwa uani kwake. Kilichobaki ni fomu mpya, ili mama apate cheti cha kumpelekea Bi Teresia kabla ya wiki tatu kuisha.

Jumapili baada ya kanisa mama aliifungua kompyuta yeye mwenyewe. Alimwambia Aikaeli akae pembeni amsaidie maneno magumu tu. Aliandika kwa kidole kimoja, jina, tarehe, namba ya gari. Walipofika swali la kazi ya dereva, mama aliacha kuandika.

"Habari ya alama ile nimeisamehe," alisema. "Ulitaka gari, nimeelewa. Lakini kwenye simu ulisema nilikwenda kwa rafiki. Neno hilo lilikuja haraka mno, Aika, kama lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Lilitoka wapi?"

Aikaeli alianza kulia kabla ya kusema. Alieleza kwamba mwezi wa Septemba mama alipomletea shuleni begi la chakula alilolisahau, akiwa amevaa sare, Nancy alimwona. Nancy alicheka na wenzake, akauliza kama yule ndiye anayewabadilisha wazee nepi, na kama ni mama yake.

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema wewe si mama yangu. Nilisema ni rafiki yetu tu." Alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Nilidhani ukija na gari zuri hawataniuliza tena. Niliona aibu, Mama. Niliona aibu ya kazi yako."

Mama aliitazama mikono yake, iliyopauka kwa sabuni.

"Imeniuma," alisema. "Lakini afadhali umesema. Hata mimi nilikuwa na aibu yangu. Niliona haya ya Kiingereza changu, nikakutwika wewe kazi ya mtu mzima, na nilipaswa kusoma kabla ya kulipa. Aibu zetu mbili zimekaa humu ndani kimya, na kidogo zitufukuzishe kazi. Kuona aibu si kosa, mwanangu. Kosa ni kusema uongo ili watu wasiione. Uongo wako wa kwanza ulikuwa neno moja tu pale shuleni, wa pili ukawa alama moja, na wa tatu ulitaka kuniachisha kazi. Ukiona aibu tena, njoo uniambie mimi kwanza."

Akarudisha kidole kwenye kompyuta, kwenye nafasi iliyokuwa bado tupu.

"Haya. Wanauliza dereva ni nani na anafanya kazi gani. Niambie, niandike."

Aikaeli aliinua uso.

"Dereva ni mama yangu," alisema kwa sauti. "Anawahudumia wazee majumbani kwao."