Magurudumu Kumi ya Mzee Gasana

— Sangwa, magurudumu yako wapi?

Winifred alikuwa amesimama katikati ya sebule yangu pale Busanza, ameshika lori dogo la boksi kwa mikono miwili, analigeuza tumbo juu, tumbo chini. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, mwezi wa tano. Hata chai yangu alikuwa hajaigusa.

Sangwa, mjukuu wangu, alikuwa anabandua gundi iliyomkaukia kwenye ukucha.

— Nakuuliza wewe. Mwezi wa pili lilikuwa na magurudumu kumi, niliyahesabu mwenyewe. Leo halina hata moja. Yameondoka yenyewe?

— Nimeyaazima, Wini.

— Umeyaazima wapi?

— Kwenye lile basi la Njoroge. Lilikuwa linaenda kwenye maonyesho Nairobi, nikakosa magurudumu, na haya yalikuwa yako tayari hapa...

— Kwa hiyo kandambili za Papa ziko Nairobi.

Sangwa akarudi kwenye ukucha wake. Na mimi niliyekuwa mlangoni na birika mkononi nikatazama sakafu, maana nilijua. Nilijua tangu mwezi wa tatu.

Ngoja niwaeleze wasomaji wangu, msije mkadhani binti alikuwa anagombana juu ya kitu cha kuchezea.

Sangwa kazi yake ni kufunga vioo vya madirisha. Lakini akirudi nyumbani na siku za mapumziko, kazi yake ni ile meza. Anatengeneza vitu vidogo vinavyofanana na vikubwa: mabasi, ndege, kivuko, hata kanisa lenye kengele. Boksi, vijiti, gundi, rangi. Mikono anayo, Mungu kampa. Tatizo lake hakuwahi kuwa na kitu kimoja mezani. Alikuwa na saba. Siku moja nilimtania kwa kitendawili, na sisi Kigali vitendawili tunavianza hivi:

— Sakwe sakwe!

— Soma, Bibi!

— Nina watoto saba, meza moja, kila siku nawalisha, na hakuna hata mmoja anayesimama.

Akacheka mpaka akaweka brashi chini.

— Umenipata! Lakini Bibi, wewe huelewi. Gundi inataka masaa kukauka. Rangi inataka siku. Ukiwa na kimoja tu, unakaa unakitazama kama mtu anayengoja maji yachemke. Ukiwa na saba, mikono haipumziki.

— Mikono haipumziki, sawa. Na mwisho wa kazi uko wapi?

— Utakuja, Bibi. Utakuja wote siku moja.

Nikamwamini. Mlezi huamini kwa sababu amechoka kubishana.

Sasa Winifred. Yeye anafanya kazi mapokezi ya hoteli kule Kiyovu, msichana wa kusema kweli mbele yako. Wamependana miaka miwili. Baba yake, mzee Gasana wa Rebero, alikuwa dereva wa lori la masafa, Dar hadi Kigali, miaka kumi na tisa, lori la bluu lililoandikwa TUTAFIKA pale juu ya kioo. Lori lile lilishauzwa kama vyuma. Mwezi wa kwanza mwaka huu daktari akamwambia mzee kwamba presha ya macho imeshamla. Jicho la kushoto limekwenda, la kulia lina miezi, na hakuna dawa ya kulirudisha.

Sangwa alikwenda kumpa pole. Mzee akamwambia:

— Kijana, watu wanasema unatengeneza magari. Mimi iko na kitu moja tu nataka kuona tena kabla giza haijafunga. Lori yangu.

— Nitakutengenezea, mzee.

— Kweli?

— Kweli. Kabla ya Pasaka.

Mzee akainuka akipapasa ukuta, akaleta kandambili zake nene, zile alizokuwa akiendeshea.

— Matairi ukate hapa. Hizi zinajua njia.

Winifred aliniambia baadaye kwamba siku hiyo ndiyo aliyosema moyoni: huyu nitaolewa naye. Wazee wa pande mbili wakapanga gusaba, siku ya kwenda kumposa rasmi, iwe mwezi wa saba.

Na Sangwa alianza vizuri! Mwezi wa pili lori lilikuwa na kichwa, tela, na magurudumu kumi. Kisha akangoja gundi, akashika ndege. Akangoja rangi ya ndege, akashika basi la Njoroge, rafiki yake wa Nairobi anayependa kazi hizo hizo. Lori likasogezwa, likasogezwa, hadi likawa kwenye kona ya meza, juu ya matofali kama gari la gereji.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu simu ililia, Sangwa hayupo. Nikaipokea mimi.

— Mukashema, ni Gasana. Lori yangu imefika wapi?

Niliitazama ile kona. Niliona aibu kwa ajili ya mtoto wangu. Nikasema:

— Limebaki rangi tu, mzee.

— Ah! Basi nangoja. Sitaki kuharakisha fundi.

Maneno manne tu yale. Limebaki rangi tu, mzee. Mpaka leo nikipika nayasikia ndani ya sufuria.

Basi turudi ile Jumamosi.

— Wini, nitayakata mengine leo leo, alisema Sangwa.

— Kutoka wapi? Papa alikuwa na miguu mingapi?

— Basi lichukue hivyo hivyo umwonyeshe, mimi kesho...

— Nimpelekee Papa lori linalotambaa kwa tumbo? Atadhani umemcheka.

Akalirudisha mezani, taratibu, katikati ya ile ndege na lile kanisa. Akatazama meza yote.

— Unajua kinachoniuma? Si kwamba umechelewa. Ni kwamba ulipokosa kitu, ulikwenda kukitoa kwa Papa. Na mimi nikiolewa humu, nitakuwa wa ngapi mezani?

— Wini, usiseme hivyo.

— Mwezi wa saba msije. Waambie wazee wako wasijisumbue. Bibi, nisamehe, chai yako nimeiacha.

Mlango haukupigwa. Ulifungwa polepole, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Sangwa alikaa. Halafu akachukua simu, akaweka sauti ya nje.

— Njoroge, lile basi nililokutumia. Vua magurudumu unirudishie.

— Wewe Sangwa umerogwa? Hiyo basi iko kwa meza ya maonyesho, watu wanapiga nayo picha!

— Vua.

— Si nikutumie za plastiki? Niko nazo mob, boksi nzima.

— Nataka hizo hizo. Ni kandambili za mtu.

— Za nani sasa?

— Za baba mkwe. Kama bado ni baba mkwe.

Nikamsikia Njoroge akivuta kiti.

— Aii, ndugu yangu. Si ungeanza na hiyo. Natoa saa hii.

Siku hiyo Sangwa alivifunga vitu vyake sita kwenye maboksi. Nikamwambia aviweke chini ya kitanda changu, na anayevitaka apite juu ya mwili wangu. Mezani likabaki lori peke yake. Alipaka rangi, akakaa akalingoja likauke, mikono mapajani. Sijawahi kuona mtu akiteseka vile kwa kukaa.

Mzigo wa Njoroge ulishushwa Kampala kwa makosa, ukalala huko siku tisa. Sangwa alimwandikia Winifred: “Yako njiani. Nipe wiki moja.” Hakujibiwa. Akaandika tena: “Mzee anaendeleaje?” Hakujibiwa.

Siku mzigo ulipoondoka Kampala, ujumbe ukaingia. Alisoma, akanipa simu, akatoka nje. Nikavaa miwani.

“Leo asubuhi Papa ameniuliza kwa nini sijafungua mapazia. Nilikuwa nimeyafungua.”

Niliketi kitandani. Kesho yake magurudumu yakafika.

Nilidhani Sangwa ataacha. Badala yake alichukua wembe na boksi, akaanza kukata herufi moja moja.

— Unafanya nini tena, mwana wangu? Jina si umeshaliandika kwa rangi?

— Rangi haisomeki tena, Bibi.

Akazibandika juu ya kichwa cha lori, zikasimama nene, zenye kingo. Nikajua anachofanya. Nikaenda jikoni nikalie na vitunguu.

Tulikwenda Rebero Jumapili mchana baada ya misa. Mzee alikuwa barazani, uso kaugeuzia jua. Winifred alitufungulia geti, akarudi nyuma ya kiti cha baba yake.

— Nani huyo?

— Ni sisi, mzee. Mukashema wa Busanza na mjukuu wangu.

— Aaa, Mukashema! Uliniambia imebaki rangi tu. Hiyo rangi mlikwenda kuichota Kongo?

Nilicheka, kisha nikaketi kando yake.

— Mzee, nilikudanganya. Siku ile lori lilikuwa juu ya matofali, halina gurudumu. Niliona aibu nikamfunika mtoto.

Aligeuza uso kutoka kwenye jua.

— Ungeniambia, Mukashema. Mwezi wa tatu nilikuwa bado naona sahani yangu. Ningepanda pikipiki, moto ya kwanza kupita, siku ile ile, nikuje niiangalie hivyo hivyo. Lori yangu nimeiona bila injini. Nimeiona imelala kwa mtaro pale Rusumo. Ulifikiri nitaikataa juu ya kukosa matairi?

Nikasogeza kiti kumpisha Sangwa.

Sangwa akapiga magoti, akaweka lori mapajani mwa mzee.

— Mzee, nimechelewa. Naomba unisamehe.

Vidole vya mzee vilikuwa vimeshaondoka. Vilipita kwenye tela, vikashuka, vikahesabu magurudumu upande mmoja, upande wa pili. Akaliinua akanusa.

— Hii ni kandambili zangu.

— Ndiyo, mzee.

Vidole vikapanda kwenye mlango wa kushoto, vikasimama.

— Hapa imebonyea.

— Wini alinionyesha kwenye picha, mzee. Nikabonyeza.

— Ng'ombe wa Ngara huyo! Mzee akacheka, kicheko kikubwa kabisa. Ng'ombe alitoka mzima, lori ndiyo ikaumia.

Kisha akafika juu ya kioo. Akagusa herufi ya kwanza, ya pili. Midomo ikawa inatembea kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza akarudi mwanzo akasoma tena.

— Winifred.

— Papa.

— Rangi?

— Bluu, Papa.

— Bluu gani?

Winifred aligeuzia uso getini. Nikamsaidia mimi.

— Bluu ya sare ya shule iliyofuliwa mwaka mzima.

— Ndiyo yenyewe, alisema mzee. Na machozi yakamshuka kutoka macho yale yale yasiyofanya kazi nyingine tena.

Winifred aliingia jikoni haraka. Sangwa akamfuata. Dirisha lilikuwa wazi, na masikio yangu bado mazima.

— Wini, sina la kujitetea.

— Nyamaza kwanza. Ile Jumamosi nililishika mikononi, Sangwa. Papa alikuwa bado anaona kidogo. Kutoka kwenu hadi hapa si mwendo. Wewe uliniambia nilichukue hivyo hivyo, mimi nikalirudisha mezani kwa hasira. Nilitaka kukuadhibu wewe.

— Mimi ndiye niliyeyatoa magurudumu.

— Na mimi ndiye niliyeliacha. Usinipunguzie.

Nikasikia maji ya bomba yakifunguliwa na kufungwa.

— Mezani kwako sasa kuna nini?

— Hakuna kitu.

— Hakuna kabisa?

— Kuna meza.

Akacheka, kicheko chenye kamasi ndani.

— Na ukianza kingine?

— Nitaanza kimoja. Gundi ikiwa inakauka, nitakuja hapa kumsomea mzee gazeti.

— Unasema tu.

— Nisipokuja, kitupe nje.

Alikuja. Nilimwona kwa macho yangu, wiki baada ya wiki, anaacha kidaraja chake kimoja mezani na kupanda moto kwenda Rebero.

Gusaba ilifanyika mwezi wa kumi. Wazee walitaniana juu ya ng'ombe wa mahari kama kawaida yao. Zamu ya mzee Gasana ilipofika, lori likiwa mapajani mwake, akasema:

— Sakwe sakwe!

— Soma! tukaitika wote.

— Ilikuja kwangu mchana, mlango wazi, nikaipokea kwa mikono miwili, na sikuiona.

Watu wakakisia: usingizi, uzee, bahati. Yeye akatikisa kichwa, akaligonga lori kwa kidole. Watu wakapiga makofi. Sangwa hakupiga, aliinamisha kichwa, na mimi pia.

Winifred alipotolewa ndani amevaa mushanana yake, lile vazi letu la sherehe, alipita kwanza kwa baba yake. Mzee akaushika ule ukingo wa kitambaa begani.

— Rangi gani, mwanangu?

— Bluu, Papa. Ile ile.

Alikishika kitambaa kile mpaka msemaji wetu akakohoa.

Siku hizi simu ya nyumbani ikilia, mtu akiuliza kazi ya Sangwa imefika wapi, hata kama ni mgeni nisiyemjua, namjibu:

— Bado haijaisha. Njoo uione hivyo hivyo.