Kilichobaki Udongoni

Mvua ilinyesha kijijini Theta wiki nzima, na Hayat alifurahi. Kwao Mumias, mvua kama hiyo huleta uyoga wa kichuguu, ule mtamu unaopikwa kwa karanga. Tangu aolewe huku, hakuwa ameuonja.

Siku hiyo aliona uyoga mweupe, mnene, chini ya misonobari. Mate yalimjaa. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini hamu ya chakula cha kwenu haisikii wahenga. Aliukata kwa kisu, juu kidogo ya udongo, kama mama yake alivyomfundisha, ili uote tena.

Jioni sufuria ilikuwa motoni. Jirani yake Rachael, anayekuza uyoga wa kuuza, akapiga hodi.

"Mama Rayan, kunanukia! Unapika nini?"

"Uyoga. Karibu, Mama Muriithi."

Rachael alifunua sufuria. "Haiya! Huu umetoa wapi? Kuna mtu ameonja?"

"Bado, tunangoja Baba Rayan. Ni wa kule kwa misonobari. Hata konokono wameula."

"Konokono hula hata ule unaoua mtu. Uling'oa ama ulikata?"

"Nilikata."

"Zima gesi. Nionyeshe mahali."

Kule, Rachael alichimba shina moja kwa kijiti. Chini kabisa palikuwa na kifuko cheupe, kama ganda la yai lililopasuka.

"Ukiona kifuko hivi, ogopa. Hiyo ni sumu. Ule wa kwenu una mzizi mrefu, unashuka mpaka ndani ya kichuguu. Ukikata, dalili inabaki kwa udongo."

"Na nikichemsha sana?"

"Haitoki. Na haikushiki mara moja. Unakula, unalala vizuri, kumbe ini linaharibika. Mtu akila, mpeleke hospitali hapo hapo, hata kama hajatapika. Beba na uyoga uliobaki. Na hata usipoona kifuko, usile mpaka anayeujua auangalie."

Hayat alimshika Rachael mkono. "Mtoto wangu! Alhamdulillahi. Asante, Mama Muriithi." Walimwaga chakula chote shimoni, wakafukia.

Mumewe Salehe aliporudi kutoka Ruiru na kukuta mboga ya sukuma wiki, aliguna. "Sukuma tena?"

Hayat alimweleza yote. Salehe alimtazama Rayan aliyelala mkekani. Kisha akaomba aongezewe sukuma.

Siku hizi Hayat akipata uyoga, huuchimba mzima na kumpelekea Rachael. Akiambiwa tupa, hutupa bila kununa. Msimu huu ameambiwa, "Huu ndio wenyewe. Pika!"

Bakuli la kwanza lilienda kwa Rachael.