Uchanja wa Somoe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi na mdogo wangu Somoe tulikuwa na kazi ya kufukuza mbuzi. Mama alikuwa akianika mihogo iliyomenywa juu ya mkeka uani, ikauke iwe makopa ya kutulisha miezi ya njaa. Mbuzi wa kijijini kwetu, karibu na Kilambo, hawakuwa na haya. Ukigeuka kidogo tu, wamemaliza chakula cha wiki nzima.

Siku moja Baba akasema tujenge uchanja, jukwaa la miti la kuanikia, mrefu wasioufikia mbuzi. Kabla ya kukata miti, alimtaka kila mmoja wetu ajenge kwanza uchanja mdogo wa vijiti, kisha yeye ausukume kwa kidole. Wangu ulianguka. Wa Mama ulilala upande. Wa Somoe, mtoto wa miaka sita, ulibaki wima, kwa sababu kila upande alikuwa amefunga kijiti cha mshazari kutoka chini ya mguu mmoja hadi juu ya mwingine. Alisema miguu ikishikana haianguki. Baba alifurahi, akajenga uchanja mkubwa vilevile, na mbuzi wakabaki kuutazama.

Mwalimu Erasto aliuona akipita. Darasani, tukiwa darasa la tano, akaniuliza ni nani aliyeubuni.

"Ni mimi," nikasema.

Basi akanipa usimamizi wa kujenga uchanja wa shule, wa kuanikia mihogo ya shamba letu la Elimu ya Kujitegemea. Nilijidai sana. Lakini sikuwahi kuuliza mshazari una kazi gani, nikaagiza ufungwe upande wa mbele tu, upendeze. Siku ya tatu uchanja ukaanguka, na mbuzi wakaiwahi mihogo kabla yetu. Ile ndiyo iliyokuwa chakula chetu cha mchana.

Wenzangu walimgeukia Petro, aliyefunga kamba, wakamwita mvivu. Alijitetea mpaka machozi yakamtoka. Nami nikanyamaza. Hata leo ukimya ule unanitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Mwishowe nikasimama mbele ya wote. "Kamba za Petro hazina kosa," nilisema. "Kosa ni langu. Hata uchanja wa nyumbani sikuubuni mimi. Ni Somoe."

Mwalimu hakunichapa. Alinitaka nimwombe Petro radhi, na kesho yake nije na Somoe. Somoe akatuonyesha mishazari ya pande zote nne, tukajenga upya, na Petro alipopanda juu haukutikisika. Mwalimu akamwuliza Somoe nani aliyemfundisha.

"Kufunga fundo nilifundishwa na Dada Mwajuma," akajibu.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni mimi niliyemfundisha. Nilitamani ardhi inimeze.

"Umesikia, Mwajuma?" Mwalimu akasema kwa upole. "Yeye amekutaja kwa fundo tu, nawe ulimnyima uchanja mzima. Anayekusaidia kufikiri, mtaje. Na usichokielewa, uliza, hata kama wa kumwuliza ni mdogo wako."

Jioni nilikaa chini uani, nikamwomba Somoe anieleze kazi ya mshazari. Alinieleza mara mbili, maana mara ya kwanza sikuelewa.