Nilikwepa Mafunzo ya Simuleta, Nikamkana Mchumba Wangu

Nina miaka thelathini na moja, mkulima wa Mazingara, Handeni. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika hata mama yangu mzazi sijamsimulia yote...

Nilikuwa na mchumba, Zaina, karani wa chuo kimoja cha udereva Korogwe. Nilipojiunga hapo niliambiwa kwamba kabla ya kuingia barabarani, kila mwanafunzi lazima amalize vipindi kadhaa kwenye simuleta, ile mashine yenye usukani, pedeli na skrini, inayokufundisha mvua, ukungu na utelezi ukiwa umekaa kitini.

Nilicheka! Mimi niliyeendesha trekta tangu ujana, leo nikacheze gemu? Tena msimu wa palizi?

Nikambembeleza Zaina aandike kwamba nimemaliza. Alikataa wiki nzima. Nikamwambia kama kweli ananipenda, ataandika. Akaandika... machozi yakimlenga.

Leseni nikapata. Mjomba akanipa kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, nibebe mahindi. Asubuhi moja nikampakia baba yake Zaina, Mzee Mhina, aliyekuwa akienda Korogwe kumwona binti yake. Mvua ikatukuta njiani.

"Mwanangu, punguza mwendo," akaniambia.

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Barabara hii naijua."

Kwenye kona gari likaanza kuteleza. Nifanye nini? Sikujua! Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote... Tukapinduka.

Mimi nilichubuka mkono tu. Mzee wa watu akaumia uti wa mgongo. Hatembei tena!

Hospitalini, kando ya kitanda chake, Zaina akiwa amesimama pale pale, askari wa trafiki, akiwa na rekodi yangu ya chuo mkononi, akaniuliza kama kweli nilikaa kwenye ile mashine. Nikaiona jela mbele yangu...

"Mimi sijui, afande," nikasema. "Mambo ya kuandika ni ya karani."

Zaina hakupiga kelele. Alinitazama, kisha akamgeukia askari. "Mwandiko ni wangu," akasema. Tangu siku ile sijaisikia tena sauti yake.

Akafukuzwa kazi. Mimi sikulala, sikula, jembe likanishinda. Mwishowe nikaenda mwenyewe polisi, nikasema ukweli wote. Leseni ikachukuliwa, na kesi bado inaniandama. Lakini kwa Zaina ilisaidia nini? Kazi yake ilikuwa imeshakwenda!

Nikaenda kwao kuomba radhi. Nikapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Zaina hayupo," alinijibu Mzee Mhina kutoka kitandani. "Na hata angekuwepo, ningekwambia hayupo."

Kisha akaagiza niletewe maji ya kunywa, kwa kuwa nimetoka mbali. Jamani, nikayanywa nikiwa bado nimepiga magoti pale mlangoni!

Ndugu zangu mnaojifunza udereva, msiidharau mashine ile. Pindukeni humo hata mara kumi, mtainuka wazima. Na anayekupenda usimwombe akudanganyie... Ukishamwomba, basi angalau usimwache asimame peke yake. Mimi nilimwacha.