Mvinyo wa Povu wa Mama Everline

Nerima na mumewe Bwire wanakaa mtaa wa Shauri Moyo, kwenye nyumba ya zamani ya kaunti yenye kiwanja kidogo nyuma. Hapo kuna mzabibu. Umepanda ukuta na kutambaa hadi kwenye kamba ya nguo. Bwire haupendi, maana shati lake la kanisani huanikwa chini yake.

"Mzabibu wako utanitia madoa," husema kila Jumamosi.

Nerima humwacha aseme. Mzabibu wake wa kwanza uliliwa na ukungu mweupe kabla zabibu hazijaiva. Huu wa pili alipewa na Njoki, jirani anayeuza miche kando ya barabara. Njoki aliwahi kufanya kazi katika shamba la mizabibu Naivasha. Aina hii haishikwi na ukungu kwa urahisi. Jua liwake, mvua inyeshe, majani hubaki safi bila dawa. Mwaka huu ulizaa mpaka kamba ikalegea.

Binti yao Everline alikuwa amechumbiwa. Wakwe walikuwa waje kutoka Murang'a mwezi uliofuata, na bila shaka wangebeba muratina, pombe yao ya asali. Nerima aliapa kuwapa mvinyo wa povu wa mkono wake mwenyewe. Mama yake kule Bungoma alikuwa fundi wa busaa, pombe ya nafaka. Zabibu zingemshinda vipi?

Alikamua zabibu kiasi. Juisi ilipoanza tu kutoa povu, akaitia kwenye chupa za kioo, akaziba na kufunga kwa waya. Kisha akazifunika blanketi kando ya jiko, kama mama yake alivyoweka busaa kwenye joto. Alisahau jambo moja: busaa haizibwi.

Jioni, pu! Chupa ilipasuka. Kipande cha kioo kikapiga sufuria ya ugali. Ya pili ikafuata, na ya tatu, mpaka zote zikaisha. Bwire alikuwa chini ya meza.

"Mama Everline! Miaka yote niko kiwandani sijaumia. Leo niuliwe na zabibu? Kesho nang'oa hiyo kitu!"

Nerima aliogopa, tena aliona aibu. Asubuhi mapema akamwendea Njoki.

"Uliziba mapema, halafu ukaongeza joto," Njoki akasema. "Zabibu zina chachu yake kwenye ganda. Chachu inakula sukari, inatoa pombe na hewa. Hewa ikikosa njia, inapasua chupa. Na kwenye joto, hiyo chachu inakimbia kama mtu amechelewa kazi."

"Sasa nitafanyaje? Wakwe wako karibu kuja!"

"Si bado kuna zabibu mtini? Ziponde kwenye ndoo safi. Usizioshe na maji moto, utaua chachu. Funika na kitambaa, hewa itoke. Weka kivulini. Koroga na kuonja kila siku. Utamu ukibaki kidogo tu, chuja, tia kwenye chupa za plastiki za soda. Usijaze mpaka juu, halafu ziba."

"Plastiki, Njoki? Mbele ya wakwe?"

"Plastiki unaibonyeza. Ikiwa ngumu kama mpira, povu limetosha, weka kwa friji mara moja. Kioo hakikwambii kitu mpaka kikupige. Na ni ya watu wazima, si watoto. Kuuza bila leseni, hata usijaribu."

Nerima akafuata kila neno. Bwire alitazama akiwa mlangoni, mbali. Lakini chupa zilipojazwa, akaanza kuzibonyeza kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

"Bado laini," alikuwa akisema, kama daktari. Siku moja akapaza sauti: "Imekuwa mpira! Friji, haraka!"

Wakwe walifika. Nerima alifungua kifuniko polepole. Psss! Povu likapanda, likatulia. Mama wa bwana harusi alionja. Kisha yule mama akanyoosha glasi tena.

"Hii ni tamu kushinda muratina yetu," akasema, na mumewe akakohoa. "Kwetu mizabibu hufa na ukungu. Tunaweza kupata kijiti cha huu tukapande?"

Kabla Nerima hajajibu, Bwire alikuwa amesimama na kisu mkononi.

"Chukua hata viwili, mama. Mzabibu wetu hauogopi ukungu."

Nerima alilisikia lile neno "wetu". Alifurahi sana. Akamjazia mumewe glasi.