Shimo Liitwalo Marsela

Siku ya mnada Karatu, mwaka 1978, vumbi jekundu lilikuwa limeshawapaka watu na mbuzi rangi moja. Clemensi Tluway, suruali yake ya bugaluu imejaa tope la msituni hadi magotini, alisimama mbele ya cherehani kwenye baraza iliyopakana na posta.

"Dada, naomba vifuko hamsini vya kitambaa cha marekani. Vidogo, kama kiganja."

Fundi akainua kichwa. Alivaa gauni la maua na kitambaa cha njano kichwani, futi kamba ikining'inia shingoni.

"Vya mbegu?"

"Vya mawe."

"Mawe ya kwenu yanasikia baridi?"

Clemensi alicheka hadi akasahau kuagiza kamba za kufungia. Ikabidi arudi kesho yake. Baadaye alizishukuru sana zile kamba, maana alirudi na Jumamosi zote zilizofuata, hata vifuko vilipokuwa vingi kuliko mawe. Fundi aliitwa Marsela.

Kazi ya Clemensi ilikuwa katika msitu wa serikali, juu kwenye miteremko ya Ngorongoro, pamoja na watafiti wa mambo ya kale. Alichimba shimo la mita moja kwa mita moja, akachekecha udongo, na kila jiwe au kigae cha kale alikitia kwenye kifuko pamoja na kadi iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino haustahimili unyevu. Namba peke yake ziliwachanganya, hivyo kila mchimbaji aliyapa mashimo yake jina. Inosenti, mwenzake, alitumia la ng'ombe wa baba yake. Clemensi hakufikiri mara mbili.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, Inosenti alimpelekea Marsela vifuko vilivyochanika. Vilirudi bila kushonwa.

Clemensi akapiga simu posta kutoka ofisi ya misitu.

"Naomba kuongea na Marsela, fundi wa hapo nje."

Karani alikwenda, akarudi. "Amesema nikuambie hayupo. Na kesho anahamia Mbulu kwa shangazi yake."

Alfajiri Clemensi alishuka na lori la mbao. Alimkuta kituo cha basi, ameketi juu ya sanduku la cherehani. Marsela akampa kadi. Mwandiko ulikuwa wa Clemensi mwenyewe: *Marsela. Hakuna kitu. Fukia, hamia kwingine.*

"Niliikuta ndani ya kifuko alicholeta Inosenti. Ungeniambia kwa mdomo, Clemensi."

"Hilo ni shimo, mpenzi."

"Mimi shimo?"

Alifungua daftari haraka, akamwonyesha ramani: Marsela 1 hadi Marsela 9. "Siku ile mvua ilinikimbiza, nikasahau kuandika namba. Mashimo yangu yote ni wewe. Manane sikupata kitu."

"Manane?"

"La tisa lilitoa ushanga. Mmoja, mzima, wa ganda la yai la mbuni."

Sauti ya Marsela ikalainika. "Uko wapi huo ushanga?"

"Umekwenda makumbusho. Ni mali ya umma, si wangu kukupa. Lakini umekwenda na jina lako."

Konda akagonga bodi ya basi. "Mbulu, tunaondoka."

Marsela hakuinuka. Alichomoa penseli iliyokuwa sikioni mwa Clemensi, akageuza kadi, akaandika polepole, akamrudishia.

*Marsela. Kuna kitu. Usifukie. Njoo na wazee wako Jumapili.*

Clemensi aliisoma mara mbili, kama alivyozoea kazini.

"Asante," alisema. Akalirudia neno hilohilo. Kisha akajitwisha sanduku la cherehani, wakarudi barazani.