Njuga Ndani ya Simu

Kilburn High Road, London, Jumamosi mchana, watu hapatoshi. Gladness Mushi, nesi, gauni la kitenge la njano chini ya koti la jinzi, alikuwa anatembea zake aliposikia sauti nyuma.

"Samahani dada, hivyo viatu unauza?"

Akageuka. Mhindi mrefu, macho yote miguuni pake.

"We kaka, una wazimu?"

"Kidogo. Naitwa Deepak, mtoto wa Tanga. Narekodi sauti za sinema za kule Chennai, kusini mwa India. Nyayo, milango, mvua. Mlio wa viatu vyako nimeufuata tangu stesheni."

"Na atavivaa nani?"

Deepak akakohoa. "Yupo mtu."

Gladness alicheka mpaka akashika ukuta. Viatu hakuuza. Namba ya simu alitoa, tena bila kubembelezwa!

Yakaanza. Umeamka, mpenzi? Umekula, mama? Miezi minne hivyo, mpaka Deepak akaitwa Chennai kuwa mkuu wa sauti kwenye studio kubwa. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

"Sendi bila wewe, Glad."

"Nipe siku mbili."

Hakuhitaji hata moja. Jumatano, akitoka shifti, alipiga simu amwambie twende. Deepak akapokea, akahema. Nyuma yake njuga zikalia, cha-cha-cha, na bangili.

"Uko na nani?"

"Peke yangu, mpenzi."

"Peke yako na njuga?"

Gladness akakata, akamfungia namba. Usimlaumu, hata wewe ungekata.

Alilia usiku kucha. Alhamisi akalibeba sweta la Deepak, akapanda treni hadi Hounslow, anakorekodia, amtupie usoni. Akasukuma mlango wa studio.

Lo! Kwenye skrini bibi harusi alikuwa anamkimbilia mpenzi wake. Mbele ya skrini Deepak, suruali kaikunja magotini, njuga kwenye miguu yenye malaika tele, bangili mpaka viwikoni, anakimbia palepale aliposimama. Binti akisimama, naye anasimama.

"Deepak! Yule mtu ni wewe?"

"Ni mimi." Uso ulimwiva. "Mama yangu kule Stanmore anawaambia watu mimi injinia. Ningekwambiaje? Kwamba, mpenzi, subiri nivue bangili?"

"Ungeniambia hivyohivyo, mjinga wewe! Nimelia mpaka macho yamevimba!"

Akampiga na sweta, akacheka, akalia tena kifuani pake. Deepak akamshika mikono miwili, njuga zikitetemeka.

"Glad, miaka tisa natembea kwa niaba ya wanawake wa sinema. Mabibi harusi arobaini nimewafikisha kwa waume zao, na jina langu hakuna alijuaye. Mwendo wako nimejaribu kuuiga, nimeshindwa. Nioe mwenyewe basi."

"Mwanamume ndiye anayeoa, we Deepak."

"Leo nimevaa njuga mimi."

Gladness akamtazama kuanzia bangili hadi vidole vya miguu. Akainama, akavua viatu vyake, akamwekea mikononi.

"Chukua, bure. Ila Chennai haviendi bila miguu yangu."